Vita vya Kagera Si Kibali cha Wenye Nguvu

Mwaka 1979, mwaka ule ule ambao askari wetu waliingia Kampala, mtaalamu wa Marekani aitwaye Kenneth Waltz alichapisha kitabu juu ya nadharia ya siasa za kimataifa. Kitabu hicho kimekuwa cha lazima katika vyuo vikuu vingi duniani. Ndani yake aliandika kwamba ingekuwa kichekesho kujenga nadharia ya siasa za dunia kwa kuzitazama Malaysia na Costa Rica. Kwa maoni yake, mwenye kutaka kuelewa vita na amani sharti ayatazame mataifa makubwa, kwani ndiyo yanayoweka masharti ambayo wengine wote huishi chini yake. Tanzania hakuitaja katika mfano huo, lakini hatuhitaji kuuliza angetutia katika kapu gani.

Hatuna ugomvi na Bwana Waltz. Yeye angalau alisema waziwazi mahali aliposimama. Neno letu leo ni kwa wasomi wa kundi jingine, wale wa sheria za kimataifa na maadili ya vita, ambao hawakutusahau hata kidogo. Ukifungua karibu kitabu chochote kinene juu ya haki ya nchi moja kupeleka majeshi katika nchi nyingine ili kuwaokoa watu wanaouawa na serikali yao wenyewe, utakuta mifano mitatu ya miaka ya 1970 imepangwa kama mafiga: India katika Pakistan ya Mashariki mwaka 1971, Vietnam katika Kambodia kuanzia Desemba 1978, na Tanzania katika Uganda mwaka 1979. Fernando Tesón aliutumia mfano wetu katika kitabu chake cha mwaka 1988. Nicholas Wheeler aliutengea sura nzima katika kitabu chake cha mwaka 2000. Tume ya kimataifa iliyotoa mwaka 2001 taarifa juu ya wajibu wa kulinda raia nayo iliuorodhesha.

Msomaji anaweza kuuliza ubaya uko wapi. Je, si heshima kwa nchi maskini kutajwa katika vitabu vya London na New York kuwa ilimwondoa nduli? Ndiyo, ni heshima, na hatukatai kuipokea. Lakini yafaa kwanza tutazame heshima hiyo imefungwa katika mzigo gani, na mzigo huo umepelekwa wapi baadaye. Mwalimu wa historia anayesimama mbele ya darasa, na mtumishi wa Serikali anayeandika rasimu ya hotuba itakayosomwa Addis Ababa au New York, wote wawili hulitumia jambo hili, mara nyingi bila ya kuligeuza na kulitazama upande wa pili.

Tuanze na mambo yalivyokuwa. Idi Amin alitwaa madaraka tarehe 25 Januari 1971. Tanzania haikumtambua, ikampokea Milton Obote aliyepinduliwa. Septemba 1972 Waganda waliokuwa uhamishoni walivuka mpaka kutoka kwetu wakitaka kumng'oa. Walishindwa vibaya, na ndege za Amin zikapiga mabomu katika ardhi yetu. Mwezi uliofuata, kwa usuluhishi wa Somalia, mapatano yalitiwa sahihi Mogadishu. Huo ni ukweli ambao hatupendi sana kuutaja, lakini umo katika kumbukumbu: sisi pia tulikuwa na mkono katika jaribio lile la mwaka 1972, na mkono huo ulirudi ukiwa umeungua.

Kisha ikafuata miaka sita ya ujirani mchungu. Ndani ya Uganda watu waliuawa kwa maelfu. Makadirio ya idadi yao yanatofautiana sana kutoka mtaalamu mmoja hadi mwingine, lakini hakuna anayeheshimika anayeyashusha chini ya makumi ya elfu. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa. Na katika muda huo, mwaka 1975, Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulifanya mkutano wake mkuu Kampala na kumpa Amin uenyekiti wa Afrika. Tanzania ilikataa kuhudhuria, pamoja na Zambia na Botswana. Wengine walikwenda.

Yafaa kusema jambo hapa. Katika miaka yote hiyo sita, ingawa Mwalimu Nyerere alikuwa akimlaani Amin hadharani kwa mauaji yale, Tanzania haikuvuka mpaka kwa jeshi lake kwenda kuwaokoa Waganda. Haikudai kwamba inayo haki hiyo. Majeshi yetu yalikwenda vitani baada ya mwisho wa Oktoba 1978, wakati majeshi ya Amin yalipoivamia ardhi yetu kaskazini ya Mto Kagera, eneo la zaidi ya kilomita za mraba 1,800, na Amin akatangaza kwamba mpaka wa Uganda sasa ni mto huo. Daraja la Kyaka lilivunjwa. Wananchi waliuawa, ng'ombe wakaswagwa kupelekwa upande wa pili, kiwanda cha sukari kikaporwa. Ndipo Mwalimu alipolihutubia taifa mwezi wa Novemba akataja mambo matatu ambayo kila mtoto wa Tanzania anayajua: sababu, uwezo na nia.

Tulitazame neno la kwanza, sababu. Sababu iliyotolewa kwa wananchi, na iliyotolewa kwa dunia, ilikuwa kuvamiwa. Serikali haikusimama popote kudai kwamba sheria za kimataifa zinairuhusu nchi kuingia katika nchi nyingine kwa sababu ya ubaya wa mtawala wake. Hoja yetu ilikuwa ni ile iliyomo katika Hati ya Umoja wa Mataifa, kifungu cha 51, yaani haki ya kujilinda. Wheeler mwenyewe, ambaye angependa sana kuona mambo vinginevyo, anakiri hivyo.

Sasa tufike penye mwiba. Mwisho wa mwaka 1978 adui alikuwa amekwisha kufukuzwa katika ardhi yetu. Januari 1979 majeshi yetu yakavuka na kuiteka Mutukula. Februari yakachukua Masaka na Mbarara. Aprili yakaingia Kampala. Je, kujilinda hufika mpaka Kampala? Hili ni swali la haki, na msomi anayeliuliza hatutukani. Jibu la Mwalimu wakati ule lilikuwa kwamba vita vilikuwa viwili. Vya kwanza ni vya Tanzania, kumpiga mvamizi na kuhakikisha kwamba hatarudi, kwa kuwa alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba akiachwa atarudi. Vya pili ni vya Waganda wenyewe, kumwondoa dikteta wao, na hivyo havikuwa kazi ya Tanzania.

Maelezo hayo yalikuwa na nguvu kwa miezi michache. Kisha mambo yakayazidi. Libya ilituma askari kumsaidia Amin, na mwezi wa Machi wakapambana na majeshi yetu Lukaya. Waganda wa uhamishoni walikuwa na ari lakini hawakuwa na nguvu za kijeshi za kutosha. Mwishoni mwa mwezi huo walikutana Moshi, wakaunda chombo chao cha pamoja, wakamchagua Yusuf Lule kuwa kiongozi, lakini mizinga iliyofungua njia ya Kampala ilikuwa ya JWTZ. Tukisema leo kwamba vita vile viwili havikugusana, tutakuwa tunajidanganya. Viligusana, vikachanganyika, na mwisho vikawa vita kimoja kilichokuwa na sababu mbili.

Hata hivyo, kukiri hivyo si sawa na kukubali kile wanachotuandikia. Kwa sababu tazama: mtaalamu anayetaka kuthibitisha kwamba ipo haki ya jumla ya kuingilia nchi za watu kwa ajili ya ubinadamu huchukua mwisho wa vita vyetu akaacha mwanzo wake. Huona Kampala ikishangilia, asione daraja la Kyaka. Huuliza matokeo yalikuwa nini, akajibu kwamba nduli aliondoka, na kutokana na jibu hilo akatunga kanuni. Kanuni ikishatungwa hukabidhiwa kwa wenye ndege na manowari, ambao hawakuvamiwa na mtu yeyote.

Na ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 1999 nchi za NATO zilipiga mabomu Yugoslavia kwa siku 78 kwa sababu ya Kosovo, bila idhini ya Baraza la Usalama, na mifano ile mitatu ya miaka ya 1970 ikatolewa tena kabatini. Tarehe 17 Machi 2011 Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 1973 kuhusu Libya, kwa kura kumi, wajumbe watano wakijizuia. Azimio lilizungumzia kuwalinda raia. Umoja wa Afrika ulikuwa umekwisha kuunda kamati ya marais kwenda kutafuta suluhu. Kamati ilipotaka kuruka kwenda Tripoli tarehe 20 Machi ilinyimwa ruhusa, kwani mabomu yalikuwa yameanza kudondoka siku moja kabla. Kufikia Oktoba Gaddafi alikuwa ameuawa na serikali yake haipo. Mwaka 2016 kamati ya Bunge la Uingereza lenyewe iliandika kwamba kazi ya kulinda raia ilikuwa imegeuka kuwa kazi ya kubadilisha utawala.

(Historia ina mizaha yake. Mmoja wa marais wa kamati ile iliyonyimwa ruhusa alikuwa Yoweri Museveni, ambaye mwaka 1979 alikuwa na wapiganaji wake upande wetu, wakati askari wa Gaddafi walikuwa upande wa Amin.)

Hatuandiki haya kwa kumlilia Gaddafi. Tunaandika kwa sababu vita vya Libya na vita vya Kagera vimewekwa katika sura moja ya vitabu, navyo havifanani hata kwa jambo moja lililo la msingi. Tanzania ilivamiwa, nchi zilizoipiga Libya mwaka 2011 hazikuvamiwa. Tanzania ililipa yenyewe. Gharama inayotajwa na wengi ni karibu dola za Marekani milioni 500, kwa nchi ambayo haikuwa na akiba ya fedha za kigeni ya kujivunia. Wananchi waliombwa wafunge mikanda kwa miezi 18, na miezi ile ikazaa miaka. Walimu waliofundisha wakati huo wanakumbuka foleni za sabuni na sukari, na chaki iliyogawanywa vipande vipande. Vitabu vya historia vinataja wanajeshi wetu 373 waliokufa, wengi wao kwa ajali na maradhi. Mkulima aliyeitwa katika mgambo alijua anakwenda kupigana na nani na kwa nini, na mkewe alijua pia. Serikali inayoagiza ndege kupiga mabomu kutoka mbali haiwatakii raia wake hesabu ya namna hiyo.

Wala vita vyetu havikuwa vya malaika. Waandishi wawili waliofuatana na majeshi yetu, Tony Avirgan na Martha Honey, wameeleza katika kitabu chao cha mwaka 1982 jinsi Mutukula ilivyobomolewa kwa kisasi, na raia wakafa, hata Mwalimu akaagiza kwamba jambo hilo lisirudiwe. Hayo nayo yafundishwe. Darasa linaloambiwa nusu ya habari litakuja kuipata nusu ya pili kutoka kwa mtu mwingine, na siku hiyo halitamwamini tena mwalimu.

Kuna fundisho jingine ambalo wapenzi wa kuingilia kati hulipita haraka, nalo ni la baada ya ushindi. Lule alikaa madarakani siku 68. Godfrey Binaisa aliondolewa Mei 1980. Uchaguzi wa Desemba 1980 ulileta ugomvi, ugomvi ukaleta vita vya msituni, na watu wa Luwero wakafa kwa wingi hadi Januari 1986. Sisi tuliacha askari na polisi Uganda mpaka mwaka 1981, jambo ambalo wengi waliokuja baadaye na kanuni zao hawakulifanya mahali walipopiga mabomu, na bado hatukuweza kuwapa Waganda amani. Aliyeshinda vita ile alijifunza kwamba nyumba ya jirani haijengwi na mgeni, hata awe mgeni mwema. Mahmood Mamdani, ambaye alifundisha katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam baada ya kufukuzwa na Amin mwaka 1972 pamoja na Waasia wengine, aliandika mwaka 2009 katika kitabu chake juu ya Darfur kwamba lugha ya kuokoa humgeuza raia mwenye haki zake kuwa mtu wa kulindwa tu. Tunadhani aliyesema hivyo alikuwa ameyaona mambo kwa karibu.

Sasa upande wetu wa Afrika. Itakuwa uongo kusema kwamba lawama zote ziko Ulaya na Marekani. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1963 ulikataza kuingilia mambo ya ndani ya nchi mwanachama, na azimio la Cairo la mwaka 1964, ambalo Tanzania ndiyo iliyolipendekeza, liliagiza mipaka iliyorithiwa iheshimiwe. Amin alipotangaza kuunyakua upande wa kaskazini wa Kagera alivunja yote mawili mchana kweupe. Tanzania iliutaka Umoja huo ulaani uvamizi. Haukulaani. Wasuluhishi walizunguka wakiomba pande zote mbili zisimamishe mapigano, kama kwamba mwizi na mwenye nyumba ni pande mbili za shauri moja. Kisha, Julai 1979, katika mkutano wa Monrovia, Rais Nimeiri wa Sudan na Jenerali Obasanjo wa Nigeria waliilaumu Tanzania kwa kuingia Uganda.

Sisi hatusemi kwamba walikuwa wapumbavu. Hofu yao ilikuwa na msingi: leo Tanzania kwa Amin, kesho nchi nyingine kwa jirani yake asiyependwa. Ndiyo hofu ile ile tunayoieleza hapa kuhusu mataifa makubwa. Lakini mtu aliyekaa kimya wakati ardhi ya mwenzake ilipotwaliwa, na aliyekaa kimya watu wa Uganda walipouawa kwa miaka minane, alikuwa amekwisha kuipoteza nafasi ya kufundisha sheria. Kama Umoja ule ungalisema neno moja la kweli Novemba 1978, pengine vita vingalikwisha Mutukula. Kimya chake ndicho kilichofanya njia ya Kampala ibaki peke yake.

Yafaa ikumbukwe kwamba katika mkutano huo huo wa Monrovia wakuu wa nchi waliagiza ianze kutayarishwa rasimu ya Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, uliokubaliwa Nairobi mwaka 1981. Na Julai 2000, mjini Lomé, Afrika iliandika katika Sheria ya Kuunda Umoja wa Afrika, kifungu cha 4(h), kwamba Umoja unayo haki ya kuingilia kati katika nchi mwanachama panapotokea uhalifu wa kivita, mauaji ya kimbari na uhalifu dhidi ya binadamu, kwa uamuzi wa Mkutano Mkuu. Hapo ndipo Kagera ilipopaswa kutufikisha. Uamuzi umewekwa mikononi mwa mkutano wa Waafrika wote. Haukuwekwa mikononi mwa jirani mwenye hasira wala mwa mwenye ndege za kivita. Ubaya ni kwamba mwaka 2011, jambo lilipofika mezani kwa dhati, wajumbe watatu wa Afrika katika Baraza la Usalama walilipigia kura ya ndiyo azimio la Libya wakati kamati ya marais wetu ikifunga mizigo kwa safari isiyofika. Kifungu cha 4(h) kilibaki karatasini, na nafasi yake ikachukuliwa na wengine.

Mtu ataleta Biafra. Atasema kwamba Tanzania hiyo hiyo ilimtambua Ojukwu Aprili 1968, ikaweka uhai wa watu mbele ya mipaka. Ni kweli, na uamuzi ule bado unabishaniwa hata kati yetu. Lakini Tanzania ilitoa utambuzi na maneno. Haikupeleka kikosi Enugu. Kuna tofauti kubwa kati ya kukataa kumwita muuaji ndugu na kujipa ruhusa ya kuvunja mlango wake.

Kwa hiyo tunawaomba walimu na watumishi wenzetu jambo dogo lakini gumu. Kuna desturi iliyoingia, katika hotuba za sherehe na katika madaftari ya wanafunzi, ya kueleza vita vya Kagera kama vita vya kuikomboa Uganda tu, kwa sababu maneno hayo yana utamu masikioni. Kila tunapofanya hivyo tunatia sahihi kwa mikono yetu katika hati ambayo wengine wataitumia dhidi ya nchi nyingine dhaifu. Mtumishi atakayeulizwa katika kikao cha kimataifa, je, Tanzania si ndiyo iliyoonyesha njia mwaka 1979, awe na jibu. Aseme kwamba Tanzania ilipigwa ikapiga. Kwamba ilikwenda mbali kuliko ilivyokusudia, ikalipa kwa jasho lake. Kwamba haikuchukua hata shamba moja la Uganda. Na kwamba haikudai haki yoyote ambayo haipo katika Hati.

Vitabu vya kusomea si vingi, lakini vipo. Baldwin Mzirai alituandikia kwa Kiswahili, mwaka 1980, kitabu kiitwacho Kuzama kwa Idi Amin. Serikali nayo ilichapisha Julai 1979 kijitabu kinachoeleza sababu za vita na kila hatua iliyochukuliwa, lakini kwa Kiingereza, na leo kukipata ni shida hata kwa mwenye kadi ya maktaba. Kichapishwe upya kwa Kiswahili, kipelekwe katika shule za sekondari. Na wazee wa Kyaka, Minziro na Kakunyu waliolikimbia jeshi la Amin mwaka 1978 wakiwa vijana bado wapo. Wahojiwe, maneno yao yaandikwe kabla hawajamalizika. Shule za Missenyi zinaweza kuianza kazi hiyo muhula huu huu, kwa daftari na kalamu.